Mgomo Niliousoma kwenye Karatasi za Karanga

Historia ya mgomo mkubwa wa Waingereza niliisoma yote kwenye karatasi za karanga, nikiwa nimesimama, huku nikitafuna. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, huko kwetu upande wa Manguredjipa, na Kifaransa changu kilikuwa cha kuokota. Lakini mama muuza karanga aliyekaa mbele ya lango la depo yetu ya kahawa, pale Butembo, alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada. Alikichana ukurasa mmoja mmoja, akaukunja kama pembe, akaujaza karanga. Kitabu kilitoka kwenye shule fulani iliyoporwa. Shule gani, hakujua, na aliyemuuzia hakutaka kuulizwa.

Siku ya kwanza nilipomaliza karanga zangu nikaikunjua karatasi kwa mazoea tu, maana mimi husoma chochote, hata maandishi ya kwenye saki ya saruji. Nikakuta picha ya wanaume wenye nyuso nyeusi na macho meupe. Nikadhani ni ndugu zetu. Kumbe ni Wazungu, wamejaa vumbi la makaa. Chini yake kulikuwa na neno ambalo nililijua vizuri: grève, yaani mgomo. Nilikuwa nimelijua tangu utoto, kwa sababu walimu wetu walipofanya grève sisi tulirudi nyumbani kucheza. Sikuwahi kufikiri kwamba neno hilo lilikuwa na historia, wala kwamba Mzungu naye aliweza kukaa chini akakataa kazi ya Mzungu mwenzake.

Ilikuwa miaka ya vita. Mji ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki ambao sisi tuliwaita mouvement tu, kwa sababu jina lao lilibadilika kabla hatujalizoea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifika Butembo kwa miguu, nyuma ya watu wa baiskeli waliobeba mafuta ya mawese, na wiki iliyofuata njia ya kurudi kwetu ikafungwa. Mama na wadogo zangu wawili walibaki upande ule. Kila ndege iliposhuka uwanja wa Rughenda niliinua kichwa, kana kwamba mama angeweza kuwemo. Mama yangu mwenyewe, ambaye hata kamyo za barabarani alikuwa anaziogopa! Lakini niliinua kichwa hivyo hivyo, kila siku.

Aliyenipokea alikuwa koko mmoja, bibi mzee, si wa damu yangu. Alinikuta kanisani nimebaki kwenye benchi peke yangu, watu wote wamekwisha kutoka.

"Weye, banakusahau?" akaniuliza.

"Hapana, koko. Sina kwa kwenda."

Akanitazama, au nilidhani ananitazama. Halafu akasema: "Njo unibebee hii Biblia. Iko nzito."

Nikaibeba mpaka kwake. Sikuondoka tena.

Yeye ndiye aliyeniingiza kazini. Depo yetu ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, yenye madirisha madogo na mistari minne ya wanawake waliokaa juu ya mikeka, miguu imenyooshwa, lungo mapajani. Kazi ilikuwa kuchagua kahawa. Punje zilianzia kwa mwanamke wa kwanza wa mstari. Alitoa mbaya alizoziona, akamimina zilizobaki kwenye lungo la mwenzake, naye hivyo hivyo, mpaka kwa wa nane aliyekaa karibu na ukuta. Huyo wa nane tulimwita jicho la mwisho. Baada yake kahawa iliingia ndani ya saki, saki ikashonwa, basi. Punje mbaya ambayo jicho la mwisho aliikamata aliiweka kwenye kopo. Jioni kapita, yaani msimamizi wetu, alipita akachungulia kila kopo. Kopo likiwa limejaa, hakumkaripia wa nane. Alimkaripia wa saba, kwa sababu ndiye aliyeziachilia, na zikizidi alimfukuza.

Koko alikuwa jicho la mwisho la mstari wetu tangu zamani. Mimi nilikuwa wa saba. Kopo letu lilikuwa karibu tupu kila jioni, na kapita alikuwa anasema: "Huyu mutoto iko na macho." Nilifurahi sana. Niliamini.

Nilikuwa na sababu ya kuamini. Macho ya koko yalikuwa yanaingia ukungu. Nyumbani alimimina chai pembeni ya kikombe, akapangusa meza kama mtu aliyekuwa amekusudia kuipangusa. Punje iliyotobolewa na wadudu aliijua kwa kidole, iliyovunjika vilevile, lakini punje nyeusi ni laini na nzima kama nyingine, inataka jicho. Na nyeusi ndiyo inayoharibu ladha ya saki nzima. Kwa hiyo mimi nilizisaka nyeusi kwa ajili ya watu wawili. Nilihakikisha haipiti hata moja kufika kwake. Yeye hakusema kitu, nami sikusema.

Tatizo langu lilikuwa moja tu, kichwa changu hakikai. Mikono inachagua, kichwa kimekwenda zake. Na siku hizo kilikuwa kinakwenda Uingereza.

Kila siku saa nne tulipewa dakika chache za kunyoosha miguu. Nilikimbilia langoni. Yule mama wa karanga, Mwislamu wa kutoka Beni ambaye mume wake alikuwa dereva wa kamyo, alikwisha kunizoea.

"Mama, unipatie ukurasa wenye kufuata ule wa jana."

"Weye unakulaka karanga ao unakulaka karatasi?"

"Vyote viwili."

"Basi siku moja utazaa mwalimu mwenye kunuka mafuta."

Lakini aliuweka. Ndivyo nilivyojua, pembe kwa pembe, kwamba mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na sita wenye migodi ya makaa kule walitaka wafanyakazi wakubali mshahara mdogo na saa nyingi zaidi. Kwamba watu wa makaa walikataa, wakafungiwa milango. Na kwamba wengine, ambao hawajawahi kushika kipande cha makaa ila jikoni, waliacha kazi kwa ajili yao: watu wa treni, watu wa bandari, wenye kuchapa magazeti. Nchi nzima. Asubuhi ya kwanza London iliamka haina treni, watu wakaenda kazini kwa miguu kama sisi. Wanafunzi wa vyuo vikubwa na watoto wa matajiri wakaja kuendesha treni na mabasi, wengine kwa furaha tu, maana tangu utoto walikuwa wanatamani.

Saa sita, tukila, niliwasimulia wenzangu. Mama aliyekaa wa kwanza katika mstari wetu, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani, ndiye aliyeuliza zaidi.

"Na baaskari?"

"Siku moja, mji mmoja, wenye grève na polisi walicheza mpira."

"Mpira gani?"

"Mpira wa miguu. Mechi."

"Eh, Bazungu! Hata grève yao iko na mi-temps, na mapumuziko ya katikati!"

Tulicheka mpaka kapita akaja kutazama kama kuna mtu ameanguka. Nilipenda sana saa hizo. Jioni ikifika na mistari ikivunjika, kila mmoja anakwenda kwa watoto wake, nilikawia kukunja mkeka wangu. Koko naye hakuwa na haraka, alikuwa wa mwisho kufunga kitambaa chake. Alizaa watoto wawili. Mmoja alikwenda Kampala akanyamaza. Mwingine yuko kaburini. Ule mstari ndio uliokuwa watu wake.

Sasa nafika kwenye siku ambayo siipendi. Nilichelewa langoni. Ukurasa ulikuwa wa kusisimua, karanga zilikuwa za moto, nikasimama pale nikasoma mpaka chini, nikageuza, nikasoma nyuma. Wakati huo kapita, ambaye nadhani alikuwa ameanza kushuku, alichota mkono mmoja wa punje nyeusi kwenye takataka, akazichanganya ndani ya lungo la koko.

"Koko, chagua," akamwambia.

Koko akapitisha vidole. Akatoa mbili zilizotobolewa. Akapitisha tena. Wanawake wote walikuwa wanaona nyeusi zimelala pale kama mbuzi barabarani, na hakuna aliyeweza kusema neno.

Nilipoingia nikitafuna, koko alikuwa amesimama, anafunga kikwembe chake kiunoni. Akasema tu: "Maliza karanga yako. Tutaonana ku nyumba."

Kama ningekuwa kwenye nafasi yangu, kapita asingefika kwenye lungo lile. Ningekohoa, ningemwagia kahawa, ningefanya jambo. Nililifikiri hilo siku ile, na bado ninalifikiri.

Siku zilizofuata koko aliendelea kuamka mapema kama kawaida. Alijifunga kitambaa cha kichwa, akakaa kitandani, akakumbuka, akakifungua. Mimi nilijifanya natafuta viatu.

Siku ya nne niliwaambia wenzangu njiani. Niliwaambia tukae chini sote, mistari yote minne, mpaka koko arudishiwe fasi yake, mahali pake pa kazi. Niliwaambia habari za watu wa treni. Walinisikiliza huku wakitembea.

"Mutoto, hii haiko Angleterre," mmoja akasema. "Batu batano bakisimama pamoja, mouvement inasema ni mukutano. Unaijua fimbo yao?"

Yule mama wa kwanza akasimama katikati ya njia. "Juu ya nini tusimame? Tukae. Tukae kama ku matanga. Nani anafukuzaka batu ya matanga?"

"Na nani alikufa?"

"Fasi ya koko njo ilikufa."

Tukacheka kwa mikono mdomoni. Halafu hatukucheka tena, kwa sababu tuliona kwamba inawezekana.

Kesho yake asubuhi tulikaa nje ya lango, juu ya mikeka, vikwembe vimefungwa kiunoni, vichwa vimefunikwa, miguu imenyooshwa kama wafiwa. Ukungu wa Butembo haujapanda bado. Mistari yote minne! Kapita akafika na funguo zake.

"Nani alikufa?"

"Fasi ya koko," akajibiwa.

Akacheka. Akafungua lango. Hakuna aliyeinuka. Akakoma kucheka.

Saa tatu akaja mwanajeshi kijana mwenye buti za mvua, bunduki imemzidi urefu. "Nani akufi?" akauliza kwa Lingala.

Mama wa kwanza akainamisha kichwa: "Mutu yetu."

Yule kijana akavua kofia. Akasimama hivyo kidogo, midomo inatikisika, labda anasali, labda naye ana wake aliowaacha mbali. Halafu akaondoka taratibu. Mmoja wetu akanong'ona: "Huyu tungecheza naye mpira."

Siku ya pili kapita akaleta makarani wawili wa ofisi na mashemeji zake kuja kuchagua kahawa. Niliwaambia wenzangu: "Hao ndio wanafunzi wenye kuendesha treni!" Kabla ya saa sita tulisikia makarani wanalalamika migongo. Tulikuwa na furaha ambayo haikuruhusiwa kuonekana, maana wafiwa hawacheki, na kuizuia kukaiongeza.

Nilikosa jambo moja. Kwenye matanga watu hawanunui karanga, kwa hiyo mama wa Beni alihamisha biashara yake sokoni, yeye na kitabu chake. Nilibaki na hadithi iliyokatika katikati. Wenzangu wakauliza: "Na mwisho yake? Bale Baingereza balipata?"

Nikasema: "Walishinda."

Sikuwa najua. Nilisema hivyo kwa sababu hadithi ninayoipenda siwezi kuiacha iishe vibaya. Wakashusha pumzi, wakavuta mikeka karibu.

Tulikuwa tumekubaliana koko asiambiwe, asije akatumaini bure. Lakini mimi ninakaa naye nyumba moja, na alitaka kujua kwa nini ninarudi bila harufu ya kahawa. Nikamwambia kuna matanga pale depo, kazi imesimama.

"Ya nani?"

"Ya mutu moja wa pale."

Nikadhani yamekwisha. Ujinga wangu! Kwetu huwezi kumwambia mtu mzima kwamba kuna matanga mahali alipofanya kazi miaka yote, halafu ukategemea akae nyumbani.

Siku ya tatu, jua limepanda, tukasikia kilio kutoka kona ya barabara. Kilio chenyewe, cha desturi, cha mtu anayekaribia nyumba ya msiba. Koko alikuja na mzigo wa kuni kichwani, na maharagwe yamefungwa kwenye kitambaa, anaijua njia kwa miguu. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Akafika, akatua kuni, akakaa kati yetu, akapapasa mkono wa jirani yake.

"Niambieni, bana yangu. Ni nani?"

Mama wa kwanza alitazama mikono yake. Nikasema mimi, kwa sababu nilikuwa nimeyaanzisha.

"Koko, ni fasi yako. Tunakaa matanga juu ya fasi yako."

Nikamweleza yote. Kapita alikuwa amesimama langoni anasikiliza. Koko alijifuta uso kwa ncha ya kikwembe, upande mmoja, kisha wa pili.

"Munanililia, na niko muzima."

"Koko, haiko weye..."

"Batoto yenu balikula nini jana?" Akamgeukia mama wa kwanza, akakosea kidogo, akawa anaongea na bega lake. "Ya kwako balikula nini?"

"Balikula, koko," mama wa kwanza akasema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Haya matanga ni yangu, ao hapana?"

"Ni yako, koko."

"Donc, basi, miye naiondoa. Leteni mayi."

Nilitaka kusema bado. Nilitaka kusema kesho kapita atachoka, saki zimejaa, kamyo zinangoja. Lakini maji yaliletwa. Koko akanawa mikono, akamwaga yaliyobaki chini. Na kwetu mwenye msiba akisha kunawa, anayebaki amekaa anauita msiba mwingine. Kila mmoja akanawa. Kila mmoja akasimama, akakunja mkeka wake. Kapita akafungua lango lote, akasogea pembeni kama shemasi kwenye mlango wa kanisa. Waliingia bila kutazamana. Koko akazielekeza kuni zake kwa mkono: "Na hizi mutapikia."

Halafu akasimama mbele yangu. "Na weye, simama."

"Hapana, koko."

Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia. Alingoja. Halafu akaondoka, taratibu kuliko alivyokuja.

Nilikaa pale peke yangu siku nne. Sijui kueleza vizuri upweke wa kugoma peke yako. Ukiwa na wengine barabara yote ni yako. Ukiwa peke yako hata mkeka unakuwa mkubwa mno. Wenzangu walipita asubuhi wakitazama upande wa pili, na sikuwachukia, nilijua wana midomo ya kulisha. Mvua ilinikuta mara mbili. Mama wa kwanza kila alipopita aliangusha kiazi kitamu kilichofungwa ndani ya jani, bila kusimama, kama kimemponyoka. Kapita alinisalimia kwa adabu ya dhihaka, akiniita chama cha wafanyakazi: "Syndicat, uliamka muzuri?" Akawageukia makarani wake: "Muone, syndicat muzima, iko yote ku mukeka moja." Nami nilicheka kidogo, kwa sababu ilichekesha. Ndege zilishuka Rughenda. Niliinua kichwa.

Nyumbani koko aliniwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani iliyofunikwa, akaenda kulala kabla sijamaliza kunawa. Hatukugombana. Hatukuongea.

Siku ya nne mama wa karanga akarudi langoni. Aliponiona akatoa karatasi chache zilizonyooka, hazijakunjwa.

"Nilikuwekea. Hazina karanga."

Nikasoma. Siku ya tisa wakubwa wa vyama vya wafanyakazi walikwenda kwenye nyumba ya Waziri Mkuu wakamwambia wamemaliza. Hawakupata ahadi yoyote iliyoandikwa. Watu wa treni, watu wa bandari, wenye kuchapa, wote wakaambiwa warudi. Watu wa makaa hawakukubali. Wakabaki peke yao, mwezi kwa mwezi, mpaka baridi ikaingia. Halafu njaa ikawarudisha chini ya ardhi, kwa saa nyingi zaidi na mshahara mdogo zaidi, na wengine hawakuitwa tena kabisa. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kukataza watu wa kazi moja kusimamisha kazi kwa ajili ya watu wa kazi nyingine. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili nikidhani Kifaransa changu kimenidanganya.

"Balishinda?" mama wa karanga akauliza.

"Hapana."

"Na bale ba makaa?"

"Baliachwa peke yabo."

Akatikisa kichwa. Alitazama mkeka wangu, akatazama lango. Halafu mteja akaja, naye akaninyooshea mkono. "Nirudishie moja. Karatasi inanipungukia."

Nikampa ile ya sheria. Ilikunjwa pembe, ikajazwa karanga, ikaenda zake.

Jioni hiyo kapita akatoka, safari hii bila dhihaka. "Simama. Nilijaribu banamuke batatu ku ile fasi ya mwisho. Kahawa inarudishwa na banunuzi. Weye iko na macho. Kesho ukae pale."

"Ile fasi iko na mwenyewe."

"Mwenyewe haoni, mutoto. Na weye unajua. Ulijua kabla yangu."

Nilikunja mkeka.

Koko alikuwa amekaa mlangoni. "Alikuambia nini?" akaniuliza, maana mwendo wangu aliusikia una kitu.

Nikamwambia.

"Ukakubali?"

"Hapana, koko. Nitakubali namna gani?"

"Na unataka nani akae pale? Mutu nisiyemujua?"

Akapapasa karibu yake, akachukua kitambaa chake kizito, kile cha kichwani, akaninyooshea. "Ule ukuta unatoaka baridi. Ujifunge ku mugongo."

Kwa hiyo nilirudi. Kama watu wa makaa. Nilikaa mwisho wa mstari, kitambaa cha koko mgongoni. Wenzangu walinipokea vizuri, kwa uangalifu, kama unavyompokea mtu aliyetoka hospitali. Mkono wa kushoto kulikuwa na mtu wa kunimiminia. Mkono wa kulia hakukuwa na mtu, kulikuwa na ukuta tu. Sikujua kwamba koko alikuwa ameishi miaka yote na upande mmoja usio na mtu.

Mchana nikaegemea. Kulikuwa na ufa kati ya matofali mawili, hapo hapo penye mkono wa kulia. Kitu kikanikwaruza kiwiko. Nikaingiza kidole. Zikatoka punje za kahawa. Nikaingiza tena, zikamiminika mapajani. Ufa ulikuwa umejazwa mpaka ndani, nyingine za zamani zimegeuka kijivu, nyingine mpya. Zilizotobolewa. Zilizovunjika. Maganda matupu. Nikazichambua moja moja, na hapakuwa na nyeusi hata moja.

Nyeusi nilikuwa nazitoa mimi. Lakini hizi zote zilipita mikononi mwangu, siku zile ambazo kichwa changu kilikuwa London kinatazama mechi ya mpira. Koko alizikamata kwa vidole, moja moja, na hakuzitia kwenye kopo ambamo kapita angeziona jioni. Alizisukuma ukutani. Kama angezitia kwenye kopo ningefukuzwa kabla ya ukurasa wa kwanza.

Nilizifunga zote kwenye ncha ya kikwembe, nikaenda nazo nyumbani. Nikachukua kiganja cha koko, nikamimina.

Akazizungusha kwa kidole gumba. "Hizi ulizitoa wapi?"

"Ku ukuta."

Bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Nilizani panya ilimaliza yote."

"Koko, juu ya nini haukuniambia?"

"Na weye, ile nyeusi, juu ya nini haukuniambia?"

Tukakaa hivyo. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni, wanaitana. Koko akaendelea kuzizungusha punje, akitupa moja moja chini mlangoni, kuku wakaja wakazitazama, wakaziacha.

"Ku fasi ya saba banaweka nani sasa?" akauliza.

"Msichana mmoja wa kutoka Mutwanga. Mgeni. Anaimba siku yote, hatazami kazi."

"Iko na batu hapa Butembo?"

"Hapana. Ni peke yake."

Akafikiri kidogo. "Na mu ule ufa, ulizitoa zote?"

"Zote, koko."

"Bon," akasema. "Donc ku ukuta iko na fasi."